Jina Moja Kabla ya Pumzi

Mlioko mbele mnanisikia? Na nyie wa nyuma, mliojificha kwenye migongo ya wenzenu? Vizuri. Nawaonya mapema: hadithi hii haina zimwi, haina jini, wala hakuna mfalme anayetafuta wa kumwoza binti yake. Ina kompyuta. Lakini inatisha, na mwishoni nitawaachia mzigo nikae pembeni ninywe maji yangu. Kwa hiyo sikilizeni kama watu watakaoulizwa.

Palikuwa na watu watatu waliofanya kazi katika chumba kimoja mjini Mbeya, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Walikuwa wametengeneza programu ya kuandikia nyimbo, wakaipa jina Mlio. Ukiwa mwalimu wa kwaya, badala ya kuandika nota kwa mkono hadi kidole kiote sugu, unaziandika kwenye kompyuta, unazichapa, unawagawia waimbaji, kazi imekwisha.

Wa kwanza aliitwa Nyanjige, mtu wa Usukumani. Kazi yake ilikuwa kusoma maoni ya watumiaji na kuyajibu, na kipaji chake kilikuwa kumsikia mtu ndani ya maandishi. Mtu akiandika "asanteni kwa huduma nzuri," Nyanjige anajua kama huyo anashukuru au anafunga mlango kwa kisigino. Mtu akiwatukana kuanzia salamu mpaka jina lake la mwisho, yeye anatabasamu. "Huyu anatupenda," anasema. "Anayetuchukia hapotezi bando kuandika yote haya."

Wa pili aliitwa Chediel, mtu wa Same, na kipaji chake kilikuwa sikio. Mlango ukilia, anakwambia umelia sauti gani. Siku ya harusi yake mwenyewe alisimama katikati ya kanisa, bibi harusi mkononi, akakataa kupiga hatua nyingine mpaka kinanda kirekebishwe, kwa sababu kilikuwa kimeshuka nusu sauti. Mkewe hajamsamehe. Mama mkwe ndiyo usiulize. Ofisini, kazi yake ilikuwa kuzisikiliza nyimbo za majaribio kabla toleo jipya halijatoka.

Wa tatu aliitwa Hilali, kutoka Tanga, na kipaji chake kilikuwa vidole. Aliingia ndani ya programu kama fundi anavyoingia chini ya lori: unaona miguu tu, unasikia vyuma, na ukirudi gari linawaka. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kunyoosha vitu. Ukimkaribisha kwako, kabla chai haijafika ameshapanga viatu vyote vya mlangoni, kila kimoja na mwenzake, na vya mtoto mbele.

Sasa niwape somo fupi, na atakayekuwa hajalielewa amwulize jirani yake, siyo mimi. Kwaya zetu nyingi hazihangaiki na zile nota za mistari zinazofanana na viluwiluwi walionasa kwenye waya. Zinasoma herufi. Herufi *d* ni do, *r* ni re, *m* ni mi, twende hivyo hivyo. Herufi maana yake imba. Kistari baada ya herufi maana yake endelea kuivuta ile sauti. Na pakiachwa patupu, bila herufi wala kistari, maana yake nyamaza. Pale patupu ndipo kwaya inapovuta pumzi. Pakumbukeni hapo patupu, maana watu nusura wafe.

Ilianza kwa nia njema. Watumiaji waliandika kulalamika. "Nota zangu zikichapwa zina mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza," aliandika mmoja. Na kweli, walimu wengi wakiandika kwa haraka husahau vistari, halafu karatasi ikitoka wanailaumu programu. Nyanjige akakusanya malalamiko, akayapeleka mezani, akasema watu wamechoshwa na mapengo. Hilali kusikia neno mapengo, mwili ulimsisimka. Akaifundisha programu kuyaziba: wimbo ukishahifadhiwa, popote penye pengo katikati ya mstari, weka kistari, vuta sauti iliyotangulia. Chediel akasikiliza nyimbo za majaribio, zile fupi fupi ambazo watu hupumulia mwisho wa mstari tu, akasema safi. Toleo jipya likatoka, watu wakasifu, ofisi ikaagiza pilau.

Waacheni wale pilau yao. Twendeni Rungwe.

Huko Rungwe kuna usharika mmoja kilimani, mahali ambapo ukungu unakaa mpaka watu wamesahau kwamba kulikuwa na mlima. Kwaya yake ilifundishwa na Mwalimu Ambakisye, na ameifundisha muda mrefu kiasi kwamba besi wake wa leo ni watoto wa besi wake wa zamani. Lakini mwaka ule alikuwa ameanza kusahau. Alisahau jina la mwinjilisti mgeni, akamwita kwa jina la mwinjilisti aliyekwisha kufariki, tena mbele yake. Alitafuta miwani huku ameivaa. Usharika ni mdogo, watu wanaona. Wazee wa kanisa wakaanza kuongea naye kwa upole, na upole wa wazee wa kanisa, ndugu zangu, ni kitu cha kukikimbia.

"Mwalimu, si upumzike sasa," alimwambia Mzee Gwakisa, mwenyekiti wa baraza la wazee.

"Nipumzike, nimechoka wapi?"

"Hakuna aliyesema umechoka. Tunasema pumzika."

Na pembeni alikuwepo kijana mwenye kinanda kinachojipigia ngoma chenyewe, amesimama karibu karibu, kama mtu anayesubiri kiti kwenye foleni ya kinyozi.

Mwalimu Ambakisye akasema hivi: "Kanisa jipya linafunguliwa. Nitatunga wimbo wa kulifungulia, na nitautunga kwa kompyuta hiyo hiyo mnayosema ni ya vijana. Kwaya ikiimba vizuri, mniache nifundishe. Kwaya ikianguka, nitakabidhi fimbo ya kuongozea mwenyewe, mbele ya watu, msinisukume."

Wakakubaliana. Hapo ndipo roho ya hadithi hii ilipotundikwa. Kama mtu atasinzia, akiamka akumbuke tu hilo: mzee, fimbo, na kichwa ambacho hata mwenyewe alikuwa ameanza kukitilia shaka.

Akatunga. Mahali alipopapenda kuliko pote palikuwa ubeti wa pili. Kwaya inaimba "mlango umefunguka," halafu kimya. Kanisa zima lisikie kimya chake lenyewe. Ndipo sauti zote kwa pamoja: "tuingie." Kimya kile alikitembelea kichwani wiki nzima, akikipima kwa hatua zake shambani kati ya migomba, mpaka mkewe akauliza anamtafuta nani.

Sasa, kwaya ile ilikuwa na desturi yake. Waimbaji wametawanyika vilimani, na masika njia zinakuwa uji, kwa hiyo kila sauti inajifunza bondeni kwake. Soprano wanakutana nyumbani kwa Bibi Subilaga, kiongozi wao. Besi wanakutana kwenye mashine ya kusaga, ambako wanasema mngurumo unawasaidia. Mwalimu anagawa karatasi, anasubiri. Kwaya nzima inakutana wiki ile ile ya sikukuu. Na kulikuwa na sheria aliyoiweka mwenyewe ujanani, baada ya kuchoshwa na besi waliokuwa wakihema kama ng'ombe wa kulima: kilichoandikwa ndicho kinachoimbwa. Anayepumua pasipoandikwa, anasimama nje mpaka wimbo uishe.

Alhamisi wakakutana. Mwalimu akainua fimbo. Wakaanza.

Waliimba sawasawa, nawaambieni, hakuna aliyechelewa wala aliyewahi. Lakini sauti hazikukoma. Zilikwenda, zikaendelea kwenda, neno likishika mkia wa neno. Besi mmoja akageuka rangi kama zambarau. Alto mmoja akashika nguzo. Wakafika "mlango umefunguka," na pale palipotakiwa kuwa kimya, "ka" ile ikavutwa, ikavutwa, ikavutwa. Bibi Subilaga akakaa. Hakuanguka, msimsingizie. Alikaa chini taratibu kama anayekaa kumenya maharage, na akaendelea kuimba akiwa sakafuni, maana karatasi haikusema aache.

Mwalimu akashusha fimbo. Akaitazama karatasi yake. Kistari. Akaenda kwenye kompyuta, akafungua. Kistari. Nota zote zimepangwa, zimenyooka, nzuri kabisa, na hakuna hata mahali pamoja pa kupumulia.

"Mwalimu," Mzee Gwakisa akauliza kutoka benchi la nyuma, kwa ule upole, "ndivyo ulivyoutunga?"

Jibu alikuwa nalo. Hapana. Lakini hakulitoa, kwa sababu nyuma yake lilisimama swali jingine: una hakika? Mtu anayetafuta miwani iliyoko usoni anaweza kuweka vistari akadhani ameacha patupu. Anaweza.

"Nitaangalia," akasema.

Akarudi nyumbani, akaifunga fimbo kwenye gazeti. Kisha akawaandikia wenye programu maneno haya, na msome nami taratibu: "Naomba kuuliza kama programu yenu inaweza kubadili kitu bila mtu kuigusa. Kama haiwezi, basi sina swali. Asanteni na kazi njema."

Ijumaa asubuhi Nyanjige akafungua maoni. Yalikuwa mengi. Kulikuwa na mmoja anayetaka programu iwe ya bluu. Kulikuwa na mwingine aliyeandika kwa herufi kubwa tupu kwamba watarudishwa kwa Mungu wao kwa sababu printa yake haina wino. Katikati yao kulikuwa na kile kijiujumbe chenye adabu. Hilali alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, akinyoosha mkeka wa kipanya.

"Huyo mjibu kwamba haiwezi," Hilali akasema. "Programu haigusi kazi ya mtu."

"Soma tena."

"Nimesoma. Hana swali, kasema mwenyewe."

"Mtu asiye na swali haandiki naomba kuuliza." Nyanjige alikuwa ameshaacha kuchapa. "Huyu anaogopa, Hilali. Anatamani tumwambie ni sisi."

"Kwa nini atamani tuwe sisi?"

"Kwa sababu kama siyo sisi, ni yeye."

Akapiga simu. Mwalimu Ambakisye akamsalimia, akauliza hali ya mvua Mbeya, akauliza wazazi wake, akauliza kama huko Usukumani wamevuna, akazunguka kote huko kama mtu anayeogopa kufika. Nyanjige akamwacha azunguke. Mwishowe mzee akasema, "Mwanangu, nisiwasumbue. Labda ni umri. Fimbo yenyewe nimeshaifunga."

"Umeifunga na nini?"

"Gazeti."

"Ifungue, Mwalimu. Usimkabidhi mtu kitu mpaka nikupigie tena."

Haya. Nyanjige alisikia hofu. Lakini kusikia hofu siyo kujua kilichoharibika, na Hilali aliendelea kuapa, kwa mikono miwili, kwamba programu haigusi kazi ya mtu, maana kwake kunyoosha hakukuhesabiwa kuwa kugusa. Mchana kwaya ilikusanyika tena. Nyanjige akamwambia Mwalimu aiweke simu katikati yao, na huku Mbeya akamkabidhi Chediel ya kwake.

Chediel akafumba macho. Akasikiliza ubeti wa kwanza. Akasikiliza wa pili. Mle ndani ya wimbo alisikia kitu kama panya kwenye dari.

"Kuna watu wanaiba pumzi," akasema. "Besi wawili, upande wa kushoto."

Huko Rungwe besi wawili wa upande wa kushoto wakatazama chini.

"Nipeni kiongozi wa soprano," Chediel akaendelea. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sema upesi, bado naona nyota za mchana."

"Bibi, kwa nini usipumue unapochoka?"

"Haijaandikwa."

"Sasa ukizimia je?"

"Kuzimia pia hakujaandikwa. Ndiyo maana nilikaa tu."

Chediel akaomba kila sauti iimbe peke yake. Besi, kisha tenori, kisha alto, kisha soprano. Alizirudia mpaka simu ikapata moto sikioni. Kisha akafumbua macho, akamgeukia Hilali, na sura yake haikuwa ya mzaha.

"Neno linakwisha, lakini sauti inaning'inia. Huyu mtunzi anajua kazi, hawezi kuacha neno likining'inia hivyo. Kuna kimya kilikuwa pale kikazibwa. Na kimezibwa kwenye sauti zote nne, mahali pale pale, kwa namna ile ile."

"Labda mzee amekosea," Hilali akasema, ila sauti yake ilikuwa imeshashuka.

"Mwanadamu akikosea, anakosea huku na kule. Anayekosea sawasawa hivi ni mashine."

Chini dukani mtu alikuwa anajaribu honi. Hilali akakaa kwenye kiti chake polepole, karibu kama alivyokaa Bibi Subilaga.

Sasa mwangalieni Hilali. Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine ofisini aliyeweza kuingia mle ndani akaona nani alifanya nini. Angeweza kusema ni umeme, ni kirusi, ni toleo la zamani la kompyuta ya mzee. Badala yake akasema, "Mapengo. Niliziba mapengo." Akavua saa, akaingia chini ya lori.

Shida ilikuwa hii. Kistari kilichowekwa na mashine na kistari kilichowekwa na mzee kwa mkono wake vinafanana kama mapacha. Ukiviondoa vyote, wimbo unachanika vipande vipande. Ukiviacha vyote, watu wanazimia. Na kumwuliza Mwalimu "hapa uliacha patupu au hukuacha?" ndiyo ingekuwa kumsukumia kisu, kwa sababu hilo ndilo swali alilokuwa akijiuliza mwenyewe na kukosa jibu. Hilali akachimba Ijumaa iliyobaki, akachimba usiku kucha, chai ikapoa mezani vikombe vimepangwa mstari mmoja. Alichokuwa akitafuta alikipata. Kila mara mtu anapobonyeza kitufe, programu huweka alama ndogo ndani ambayo haionekani kwenye karatasi. Kistari cha mzee kilikuwa na alama ya kidole. Kistari cha mashine hakikuwa nayo.

Akavitoa kimoja kimoja. Kila alipokitoa, pakabaki patupu. Yule mtu wa kunyoosha viatu vya wenzake alishinda siku nzima akirudisha mapengo.

Kisha akapiga simu yeye mwenyewe.

"Mwalimu, ubeti wa pili, baada ya mlango umefunguka, uliacha patupu. Nimeona kidole chako kilipofika na kilipopaacha. Uliandika vile ulivyotaka. Niliyeziba ni mimi."

Kule upande wa pili mzee akavua miwani, akaifuta.

"Uliziba kwa nini, mwanangu?"

"Watu walilalamikia mapengo."

"Watu gani hao?"

Hilali akasitasita. Majina alikuwa nayo mbele yake. "Wengi. Yule wa kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza... ni wewe, Mwalimu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Nilisema mapengo ya mistari ya besi, ambako huwa nasahau vistari."

"Mashine haijui besi."

"Kwamba niliyelalamika ni mimi, hilo nilikuwa nimelisahau kweli," Mwalimu akasema, na kicheko kikaishia njiani. Kisha akasema tena, kwa sauti ya chini: "Lakini kimya nilikiandika."

"Ulikiandika."

Karatasi mpya zikachapwa Jumamosi jioni. Waimbaji waliokuwa wameshika wimbo kwa kichwa bila pumzi ilibidi waufumue na kuufuma upya, kwa zoezi moja tu. Mwalimu hakujua kama watakumbuka. Nao hawakujua kama yeye atakumbuka. Hivyo ndivyo walivyoingia Jumapili, kila mmoja akimwogopea mwenzake.

Wale watatu walipanda gari la mapema wakakaa benchi la mwisho. Mlango wa kanisa jipya ulikuwa umefungwa, mkuu wa jimbo ameshika kitasa, kijana wa kinanda amekaa tayari, Mzee Gwakisa amesimama mikono nyuma. Mwalimu akainua fimbo.

Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukaingia. "Mlango umefunguka."

Mwalimu akafunga kiganja.

Kimya. Maji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye mabati. Mtoto mmoja alianza kulia, akaghairi. Na ndani ya kimya kile kwaya nzima ikavuta pumzi kwa pamoja, ungesikia mabega yanavyopanda, na Mzee Gwakisa, ambaye hajawahi kuimba maisha yake yote, alionekana akivuta pumzi pamoja na besi.

"Tuingie."

Wakaingia. Fimbo haikukabidhiwa mtu. Yule kijana alikizima kinanda chake, akaomba kujiunga na tenori.

Mnapiga makofi ya nini? Sijamaliza. Mzigo wenu ndio unakuja.

Kwaya ile ina wimbo wa shukrani unaoimbwa kila mwaka siku ya mavuno. Katika wimbo huo kuna mstari usemao "alisimama nasi," halafu jina la mtu, halafu pumzi. Jina likiwekwa humo, halitoki mpaka wote waliomjua mtu huyo wazeeke. Watoto wanalikuta, wanaliimba, wanauliza ni nani. Jina lililokuwemo lilikuwa la mama aliyewahi kuwavusha waimbaji mto ulipofurika, na wa kumkumbuka kwa sura walikuwa wamebaki wachache. Wakakubaliana liwekwe jipya. Na tazameni mkosi: Nya-nji-ge. Che-di-el. Hi-la-li. Yote yanakaa pale pale kama yameshonwa kwa kipimo.

"Nyanjige," walisema soprano. "Bila yeye Mwalimu angejibiwa kwamba haiwezi, naye angekabidhi fimbo Ijumaa ile ile. Wengine wote walianza kazi baada ya yeye kusikia."

"Ndiye aliyepeleka malalamiko ya mapengo vile vile," besi wakajibu. "Alisikia kilio cha mzee, ila hakusikia kwamba wanaodai mapengo yazibwe hawajui wanachodai. Chediel ndiye. Huyo alisema ni mashine. Kabla ya Chediel kulikuwa na huruma tu, na huruma haitoi kistari kwenye karatasi."

"Chediel huyo huyo ndiye aliyesikiliza toleo jipya akasema safi," wakasema alto. "Sikio lake lilikuwa wapi? Hilali alikiri bila kubanwa, akarudisha kila pumzi mahali pake, na akampa Mwalimu kitu ambacho hatukuwa na uwezo wa kumpa. Alimwonyesha kwamba kichwa chake kilikuwa kizima."

"Alirudisha alichochukua mwenyewe," tenori mmoja akanung'unika. "Aliyekukanyaga akiinua mguu, unamwimbia wimbo?"

"Aliyekukanyaga akainua mguu kabla hujamwona ni nani, ndiyo, namwimbia," alto mmoja akajibu.

Besi mmoja, wa zile pumzi za wizi, akanyanyua mkono. "Tuyaweke yote matatu tumalize."

Mwalimu Ambakisye akamtazama juu ya miwani. "Nikiyaweka matatu, yatakula pale patupu. Mtapumua wapi?"

Bibi Subilaga akashika kifua.

"Basi tuweke jina la programu. Mlio," besi yule yule akasema.

"Nimshukuru aliyenikaba koo?" Bibi Subilaga akauliza.

Wakamwachia Mwalimu aamue, maana kilichoandikwa ndicho kinachoimbwa. Bibi Subilaga, alipoulizwa faragha, alisema yeye anawaambia wote watatu ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, na kwamba asiulizwe zaidi kwa sababu amekaa chini mara moja mwaka huu na inatosha.

Habari zikafika Mbeya, kama habari zinavyofika. Na ndani ya chumba kile juu ya duka la vipuri, hewa ikabadilika. Majibu ya Nyanjige kwa watumiaji yakawa mafupi. Chediel akaanza kusikia maneno katika namna Hilali anavyotua kikombe mezani. Na Hilali, siku moja, aliviacha viatu vya mlangoni vimelala ovyo, akavipita. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba analitaka jina lile. Hakuna aliyemwambia mwenzake kwamba halitaki. Kila mmoja akijiuliza kama mwenzake anastahili zaidi, anakuta ndiyo, na akijiuliza kama yeye mwenyewe alikosa, anakuta ndiyo.

Mavuno ni Jumapili hii. Mwalimu amekaa mbele ya kompyuta, mikono juu ya vitufe. "Alisimama nasi," imeshaandikwa. Pumzi imeshawekwa, na ameiangalia mara nyingi kuhakikisha haijazibwa. Katikati yake patupu. Anaogopa kuandika, kwa sababu wawili watakaobaki nje watalisikia jina la mwenzao kila mwaka. Anaogopa kutoandika, kwa sababu kichwa kile kile kilichotetewa wiki ile kitaendelea kusahau, na ipo siku ataamka hakumbuki tena nani alifanya nini. Asubuhi alipata shaka kidogo: ni Nyanjige aliyesikiliza, au ni Chediel? Akajisahihisha. Lakini shaka ilipita, na aliiona ikipita.

Nami nimefika pangu patupu. Wewe wa mbele, na wewe uliyekuwa unajifanya umesinzia, kompyuta hiyo hapo, mzee amesogea kidogo akupishe kiti. Jina ni moja, na baada yake watu wanasubiri kupumua.

Je, wewe ungeandika la nani?